Muulize Bi Muuguzi: Babangu anatetemeka, tuuze kiwanja akadungwe seli shina?

Swali: binti wa fundi jahazi, Matondoni, Lamu

Assalamu alaykum Bi Muuguzi, shikamoo. Babangu ni fundi jahazi, ana miaka 63, tangu mwaka juzi mkono wa kulia unatetemeka akiwa ametulia, akishika tezo unapoa kidogo, hatua zimekuwa fupi fupi na sauti imeingia ndani mpaka mamangu humwambia sema tena. Tulimpeleka Mombasa, daktari akasema ni Parkinson akampa vidonge, baba akavinywa kama wiki tatu akaacha, ati vinamtia kichefuchefu. Sasa ami yangu yuko Dubai katuma klipu ya kliniki moja ng'ambo, wanadunga seli shina, mtu kaingia na kiti cha magurudumu katoka anatembea. Tumeshafungua grupu la WhatsApp tunachanga, na baba anataka kuuza kiwanja chake cha Mokowe. Mi moyo hautulii. Hii kitu ni kweli ama tunaibiwa? Nijibu kabla hawajamwita mnunuzi.

Jibu

Waalaykum salaam, marahaba mwanangu. La haraka kwanza: msiuze kiwanja. Babako arudi kwa daktari aliyempa vidonge, wiki hii hii kama yawezekana, manake naona kilichomshinda si dawa, ni namna alivyoianza, na hilo linatengenezeka, nitafika hapo. Lakini umeuliza kama seli shina ni kweli, na hapo pana maneno mengi, kaa kitako.

Seli shina zenyewe ni kweli. Watu wenye saratani ya damu wanapandikizwa uboho miaka mingi sasa, E. Donnall Thomas wa Marekani alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1990 kwa kazi hiyo, na kinachoponya ndani ya ule uboho ni seli shina za damu. Babako ataelewa upesi kuliko sisi: gogo la mbambakofi likiwa bado limelala pwani halijaguswa na tezo laweza kuwa mkuku, laweza kuwa taruma, ule ubavu wa jahazi, laweza kupasuliwa mbao, lakini likishachongwa taruma ndo taruma. Seli nyingi za mwili wetu zimeshachongwa, hii ya ngozi, hii ya ini, hii ya neva. Seli shina ni zile ambazo bado ni gogo. Halafu akatokea Shinya Yamanaka wa Kyoto, Japani, mwaka 2006 akaonyesha kwa panya kwamba seli iliyokwisha kuchongwa unaweza kuirudisha ikawa gogo tena, mwaka 2007 akafanya hivo hivo kwa seli za binadamu, na 2012 akapata Nobel pamoja na John Gurdon wa Uingereza. Hebu fikiria, taruma kurudi kuwa gogo! Mi nimekaa wodini miaka mingi na hili bado hunisisimua.

Sasa ugonjwa wa babako. Ndani kabisa ya ubongo, kwa chini, pana sehemu ndogo yenye seli zinazotengeneza dopamini, na dopamini ndo inayoulainisha mwendo wa mwili. Kwenye Parkinson seli hizo zinakufa moja moja, na mtu anapoanza kutetemeka ujue nyingi zimeshakwenda. Kwa hiyo wataalamu wanajua ni seli gani imepotea na wapi pa kuirudisha, ndo maana majaribio mengi ya seli shina za ubongo yameanzia hapa na si kwa Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau, ambayo inakula ubongo huku na huku, huwezi kusema niweke seli hapa mambo yaishe.

Na majaribio yamefika pazuri. Aprili 2025 jarida la Nature lilitoa tafiti mbili kwa pamoja. Moja ya Kyoto, wagonjwa 7, nyingine ya Marekani na Kanada, wagonjwa 12. Walitobolewa fuvu, seli zilizoandaliwa maabara mpaka zikakaribia kuwa seli za dopamini zikapandwa ndani ya ubongo pande zote mbili, wakapewa na dawa za kushusha kinga ya mwili ili seli zisikataliwe, na ile ya Amerika dawa hizo walizinywa mwaka mzima. Wakafuatwa mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Hakuna aliyeota uvimbe, picha za ubongo zikaonyesha dopamini imeongezeka, na baadhi yao mwendo ukawa bora. Nililia niliposoma, nakwambia ukweli. Lakini hesabu: 7 na 12 ni watu 19, na hakukuwa na kikundi cha kulinganisha, yaani watu waliofanyiwa kila kitu isipokuwa kuwekewa seli.

Hicho kikundi cha kulinganisha ndo kila kitu mwanangu. Huko Lund, Sweden, walianza kupandikiza seli za ubongo zilizotoka kwa vijusi, yaani mimba zilizotolewa, tangu 1987, wagonjwa wachache wakapata nafuu kubwa ya miaka, dunia ikafurahi. Halafu Wamarekani wakafanya utafiti wa watu 40, nusu wakawekewa seli na nusu wakatobolewa fuvu tu bila kuwekewa kitu, na wao wenyewe hawajui nani yuko wapi, matokeo yakatoka 2001: lengo kuu la utafiti halikufikiwa, na baadhi ya waliowekewa seli wakaanza kujinyonganyonga viungo bila kutaka, hata dawa ikipunguzwa hawatulii. Na wengine waliodhani wamewekewa seli, kumbe hawakuwekewa, wakasema maisha yao yamekuwa bora! Si waongo hao. Matumaini yana nguvu mwilini, na kwa Parkinson hasa.

Nakwambia haya kwa sababu mjomba wangu alipigwa na kiharusi, familia ikauza mashua, akapelekwa nchi ya mbali kliniki ambayo sitaitaja, akatiwa dripu tatu za seli. Aliporudi tulimpokea gatini kwa vigelegele, akainua mkono juu, sote tukaona, hata mimi niliye muuguzi nikaona. Baada ya miezi minne mkono ulikuwa pale pale ulipokuwa. Kilichoniuma si mashua peke yake, ni kwamba ile miezi ya mwanzo baada ya kiharusi ndo mwili hushika mazoezi vizuri zaidi, na sisi tuliipoteza tukisubiri seli zifanye kazi, na pesa ya fizio ikawa haipo tena.

Basi linganisha sasa na klipu ya ami yako. Mara nyingi kliniki za namna ile huchukua mafuta ya tumbo ama uboho wa nyonga, wanachuja, wanakutia kwa mshipa wa mkono. Seli zikipita mshipani nyingi zinakwama mapafuni, na ubongo una ukuta wake wa kuchuja vinavyotoka kwenye damu. Hata zikifika, seli ya mafuta haigeuki kuwa seli ya dopamini kwa sababu umetamani igeuke. Ni kama kutupa mbao majini pale Mokowe ukitaraji zielee mpaka Matondoni zijipange zenyewe kwenye jahazi la babako, zijigongomelee na misumari na kujikalafati. Fundi gani atakubali hilo?

Na kuna kuumia. Mvulana mmoja kutoka Israeli, mwenye ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo, alipelekwa Moscow kuanzia 2001 akawekewa seli za neva za vijusi, miaka minne baadaye akakutwa na uvimbe kwenye ubongo na uti wa mgongo, na vipimo vikaonyesha uvimbe wa uti haukutokana na mwili wake, ulitoka kwa seli za watu wengine. Mwaka 2016 madaktari wa Marekani wakaandika habari za mzee wa miaka 66 aliyezunguka nchi tatu akidungwa seli kwa ajili ya kiharusi, akaota uvimbe kwenye uti wa mgongo, alikwenda kutafuta mguu mmoja akarudi na miguu miwili haifai. Gogo likikosa fundi linachipua linavyotaka.

Kwa hiyo mwambie ami yako, kwa adabu, manake yeye nia yake njema na anampenda nduguye, awaandikie ile kliniki awaulize: seli zinatoka wapi, zinawekwa sehemu gani, matokeo yenu yamechapishwa jarida gani, nani atamfuata baba miaka mitano ijayo akiwa amerudi Lamu, na kwa nini sisi tulipe. Hili la mwisho lishike. Kwenye utafiti wa kweli kwa kawaida mgonjwa halipii kujaribiwa dawa. Wakisema wamesajiliwa kwenye tovuti ya majaribio ya Marekani, hilo halitoshi, kule kusajiliwa si kupasishwa. Na kliniki ikitibu Parkinson, kisukari, usonji, magoti na nguvu za kiume kwa sindano ile ile, toka mbio. Wengi wetu tunakwenda India kwa matibabu na India ina hospitali nzuri sana, lakini mwongozo wao wenyewe wa kitaifa wa 2017 unasema seli shina nje ya magonjwa ya damu na mengine machache yaliyokubaliwa ni utafiti tu, si tiba ya kuuzwa. Hapa kwetu Kenya jaribio la dawa lazima lipite kwa kamati ya maadili na Bodi ya Dawa na Sumu, ukimuuliza mtu barua iko wapi akaanza kukasirika umeshapata jibu.

Haya, tuje kwa vidonge vya baba. Bila shaka ni levodopa iliyochanganywa na kabidopa. Levodopa imekuwako tangu miaka ya 1960 na mpaka leo hakuna kilichoipiku. Ikifika ubongoni inageuka dopamini, ile ile iliyopungua. (Hata upupu, ule wa shambani unaomwasha mtu mpaka alie, mbegu zake zina levodopa ya asili na tiba ya jadi ya India imeutumia zamani. Nakuomba tu msimsagie, kipimo chake hubadilika mbegu hadi mbegu.) Kichefuchefu mwanzoni ni kawaida, ndo maana daktari huanza na kipimo kidogo akapandisha pole pole, mwambieni daktari amwanzishie tena hivo, na baba ameze na kitu kidogo tumboni kama biskuti, afu mwili ukizoea anywe nusu saa hadi saa moja kabla ya chakula, kwa sababu samaki, nyama na maharagwe hugombania njia na dawa. Asiende duka la dawa akapewa Plasil kwa kichefuchefu, PLASIL HAPANA, inazuia dopamini na inamzidishia Parkinson, daktari ana nyingine isiyoingia ubongoni. Akishazoea asiiache ghafla hata siku moja. Ramadhani ikikaribia aende mapema azungumze na daktari kuhusu saa za dawa, asipange mwenyewe.

Na tafadhali msimnyang'anye tezo. Kazi ya mkono, kutembea ufukweni asubuhi maji yakiwa mbali, kusoma Kurani kwa sauti ya juu, hayo yote ni mazoezi anayoyahitaji. Akikwama hatua, mhesabie moja mbili moja mbili kama mnavyovuta jahazi. Wasiwasi wangu ni ngazi za gati na kupanda mashua, hapo mtu awe karibu.

Swali: msomaji, Siyu

Bi Muuguzi, mimi si mgonjwa ila tumebishana barazani, wenzangu wanasema seli shina zote zinatolewa kwa mimba zilizotolewa, kwa hiyo ni haramu hata kama zinaponya. Kweli?

Jibu

Si zote ndugu yangu, na mwatofautiana kwa sababu mwasema vitu tofauti kwa jina moja. Kuna za uboho wa mtu mzima, kuna za damu ya kitovu mtoto akishazaliwa, hizo sijasikia mtu akizikataa. Kuna za Yamanaka nilizotaja juu, zinatokana na ngozi ama damu ya mtu mzima, na zile za wagonjwa 7 wa Kyoto ni za aina hii, hazina kiinitete chochote ndani yake. Kisha kuna za viinitete vya siku chache vilivyobaki kwenye matibabu ya uzazi ya maabara, James Thomson wa Wisconsin ndiye wa kwanza kuzikuza za binadamu, mwaka 1998, na zile za utafiti wa Marekani na Kanada asili yake ni huko. Na mwisho ndo za vijusi vya mimba zilizotolewa, kama za Lund, hizo ndo wenzako wanazozisema. Baraza la Fiqhi la Rabita, ile Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu, kule Makka lililijadili jambo hili mwaka 2003 na likatofautisha hivi hivi, chanzo kwa chanzo. Mimi fani yangu ni sindano na kitanda, hukumu mpelekeeni sheikh, lakini muendapo mpeni chanzo cha seli, msimuulize tu "seli shina".

Swali: kaka mkubwa, Maweni, Malindi

Habari Bi. Mdogo wangu wa miaka 24 aligongwa na lori akiwa na bodaboda njia ya kwenda Gede, hakuwa na helmeti, alikaa ICU siku 19. Sasa ni mwezi wa nane yuko nyumbani, mkono na mguu wa kushoto mzito, anasahau, na hasira zake yaani si yeye kabisa, alikuwa mpole. Nimesoma ati Japani wamepasisha seli shina za watu walioumia ubongo. Twaweza kumpeleka?

Jibu

Pole sana kaka, na pole kwa mamenu. Ulichosoma ni kweli, ila kina sharti. Mwaka 2024 Japani ilitoa kibali cha masharti kwa tiba ya seli za uboho wa watu waliojitolea, zinabadilishwa maabara kisha daktari wa upasuaji anazipanda karibu na pale palipoumia. Utafiti wake ulikuwa wa watu 61 walioumia zaidi ya mwaka mmoja nyuma na waliobakiwa na udhaifu wa viungo, baada ya miezi sita waliowekewa seli mikono na miguu yao ilikuwa imeboreka kuliko waliotobolewa tu, lakini ilipofika mwaka ile tofauti ikawa ndogo kiasi huwezi kusema kwa hakika si bahati. Kumbuka pia seli zile hazibaki zikawa ubongo mpya, inaaminika zinakaa kitambo zikitoa vitu vya kuwalisha na kuwaamsha majirani zao. Na zilipimwa kwa mikono na miguu, si kwa kusahau wala hasira, na mimi nikisoma barua yako naona hasira ndo inayowaumiza nyumba nzima. Kibali cha masharti maana yake endeleeni kukusanya ushahidi, hakifanyi mtu apande ndege kutoka Malindi akanunue. Nchi zingine wakikwambia tunayo ile ya Japani, usikubali.

Mwezi wa nane si mwisho hata kidogo. Ubongo wa kijana wa miaka 24 unaendelea kujifunza njia mpya kwa miaka, nimeona kwa macho yangu, kijana aliyetoka wodini hawezi kushika kijiko nikamkuta sokoni anapima nyanya. Lakini unajifunza kwa kurudiarudia. Fizio mara mbili kwa wiki hospitali haitoshi kama siku tano zilizobaki amelala kwenye mkeka, muulizeni mtaalamu awafundishe nyumbani mfanye kila siku, mkono ule mzito ndo upewe kazi, kufungua mlango, kushika kikombe cha plastiki, kukuna nazi hata kama machicha yatamwagika. Kuna na mtaalamu wa shughuli za kila siku na wa matamshi, ulizieni hospitali ya Malindi na wasipokuwepo waombeni barua ya kwenda Mombasa.

Hasira ile si tabia mbaya na si jini. Sehemu ya mbele ya ubongo ndo breki ya mtu na yake imeumia. Asipangiwe mambo mawili kwa wakati mmoja, kelele zipunguzwe, alale saa zile zile, na akiwaka ondokeni mumpe nafasi, kesho yake hatakumbuka vizuri msimdai. Muguka na pombe asiguse kabisa, ubongo ulioumia una hatari ya kifafa na hivyo vinaukaribisha. Akianguka na kukakamaa hata mara moja tu apelekwe hospitali. Pia mwandikisheni kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ile kadi husaidia. Na wewe mwenyewe tafuta mtu wa kukupokea zamu, nimeona barua yako umeiandika saa tisa usiku.

Swali: mama, Kisumu Ndogo, Malindi

Mwanangu ana miaka minne ana mtindio wa ubongo, hajakaa mwenyewe. Damu ya kitovu itamsaidia?

Jibu

Mamangu, hii ni katika zile zenye dalili nzuri lakini ndogo. Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, kilijaribu kwa watoto 63 damu ya kitovu chao wenyewe, wengine wakaanza na dripu isiyo na seli ili walinganishwe, matokeo yakatoka 2017, kwa ujumla hakukuwa na tofauti ila waliopata seli nyingi zaidi waliendelea kidogo kuliko wenzao. Tafiti za baadaye zimeelekea huko huko. Kitovu cha mwanao hakikuhifadhiwa na hilo si kosa lako, hapa kwetu wangapi wamehifadhi? Kwa sasa kiti kizuri cha kumkalisha wima, fizio, na kumlisha akiwa amekaa ili asipaliwe vitamfaa zaidi. Nijulishe kama ana kiti, kama hana niandikie tena.

Swali: msomaji, Mambrui

Kuna dada anauza unga wa seli shina, pakiti unakoroga kwa maji, ati unaponya kiharusi na kusahau. Nyanya yangu ameshanunua boksi mbili.

Jibu

Seli shina hai huhifadhiwa kwenye naitrojeni ya maji, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, zikitolewa zina saa chache tu. Ndani ya pakiti ya unga iliyokaa kwenye joto la Mambrui hakuna seli hai hata moja, na lau ingekuwako tumbo lingeisaga kama linavyosaga nyama. Nyanya arudishiwe pesa yake kama yawezekana. Akapimwe presha kesho, na kama alikuwa na dawa za presha akaziacha kwa ajili ya huo unga, azianze leo kama alivyoandikiwa na mumfikishe hospitali asubuhi.